Gome Lisiloona Jua

Leipzig, mwezi wa tatu

Mdogo wangu Anyesi,

Kwanza mama. Mpe shikamoo yangu, umwambie mwanawe Felista ni mzima, anakula, anavaa soksi mbili mbili kama alivyoagiza, na misa ya Jumapili haimpiti, ingawa kanisa lenyewe liko mbali na padre anasema Kijerumani cha mbio. Mguu wa mama wa kushoto vipi? Bado unamsumbua akipanda kutoka bondeni? Mvua zimeanza huko? Ile migomba ya upande wa mtoni iliyolazwa na upepo, mmeipatia miti ya kuiegemeza? Na shamba la kijiji, bado mnakwenda kwa zamu za nyumba kumi kumi, au mwenyekiti amebadili tena utaratibu? Msomee mama haya polepole, na akicheka pale kwenye soksi uniandikie kwamba amecheka.

Hapa sasa simama. Kuanzia hapa usimsomee. Mwambie dada amemaliza salamu, yaliyobaki ni mambo ya shule. Na barua usiiache juu ya meza, maana nasikia anahudhuria kisomo cha watu wazima kila alasiri na ameshafika kwenye kuunganisha silabi. Sitaki neno la kwanza ambalo mama atalisoma mwenyewe maishani mwake liwe "wivu", tena kwa mwandiko wa binti yake mkubwa.

Ndilo neno lenyewe hilo. Nina wivu, Anyesi. Nakuonea wivu wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapata upele, niliyekufuta kamasi kwa pindo la gauni langu la shule. Nimeona aibu kulisema muda mrefu, na kwa kuwa sikulisema limenifanyia mambo ambayo sasa itabidi niyaeleze yote. Kwa hiyo vumilia. Kama una mboga jikoni, kaipue kwanza.

Umeona sikukuamkia hapo juu. Sikusahau. Najua kwamba tangu uvishwe mkoba wa dawa hata mjomba wa Kingolwira, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, anakwambia shikamoo. Ndiyo desturi ya ukoo wetu, mshika mkoba huamkiwa na wote, wakubwa kwa wadogo, naijua tangu enzi za bibi. Lakini nilipoanza kuandika, mkono ulikataa. Nikasema mwenyewe kwa sauti, hapa chumbani, "Nimwamkie Anyesi? Mimi?" Jirani yangu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Sasa tuanze mwanzo, maana naona wewe una vipande tu vya habari hii.

Siku ile naondoka, mama alipanda darini akateremsha kifurushi cha gome kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Akasema, "Tumbo likikukata huko, chemsha." Unalijua gome gani. Jina la mti siandiki, barua hupita mikono mingi. Tumbo halikunikata, na kifurushi kikakaa ndani ya sanduku mpaka siku Profesa wangu alipotukusanya wanafunzi wa nje. Kazi yake ni kutafuta ndani ya mimea vitu vinavyoweza kupambana na kansa. Akatuuliza, mmoja mmoja, "Kwenu watu wanatumia nini kwa uvimbe?" Nikamkumbuka yule mama wa Mkuyuni aliyekuja na uvimbe kwenye titi, akawa anakandwa na kunywa maji ya gome kwa mama yetu. Kama alipona sijui, alirudi kwao na hatukusikia tena. Nilimwambia Profesa hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Akasema, "Lete."

Kazi yenyewe ni hii. Unaliloweka gome kwenye spiriti, unachuja, unakausha mpaka linabaki vumbi la kahawia chini ya chupa. Kisha unachukua chembe ya lile vumbi unaitia kwenye vichupa vyenye seli za kansa, ambazo huku wanazifuga kwenye maji ya chakula kama sisi tunavyofuga vifaranga. Siku ya tatu unaziangalia kwa hadubini. Zikiwa zimeongezeka, mmea wako ni kuni tu. Zikiwa zimekufa, unaanza kuuliza maswali. Zangu zilikuwa zimekufa, Anyesi. Kichupa kizima! Profesa aliinama kwenye hadubini mpaka shingo ikamuuma. Usije ukaenda kutangaza kwamba dada amepata dawa ya kansa. Kuua seli ndani ya chupa si kumponya mtu, hata sabuni inaziua. Lakini ni mlango, na mlango huo niliufungua mimi, kutoka juu ya Mkuyuni, na kwa wiki kadhaa nilitembea kwenye zile korido kama bibi harusi. Nikapewa meza ya dirishani. Pale maabara meza ya dirishani hupewa yule ambaye kazi yake inakwenda, na kila mtu anajua maana yake.

Kifurushi kikaisha. Ndipo nikawaandikia mnitumie gome jingi, na maagizo nikayaandika kwa herufi kubwa kwa sababu nilijiona mtaalamu: OSHENI KWA MAJI YA MTONI. ANIKENI JUANI SIKU TANO JUU YA MKEKA MPYA. MSILIWEKE DARINI, MASIZI YANAHARIBU UCHUNGUZI. Nilijisikia raha sana kuandika yale. Nakumbuka niliipigia mstari ile "msiliweke darini".

Mkatuma. Mjomba akaubeba mfuko kwenye treni kutoka Kingolwira mpaka Dar, akamkabidhi yule mwanafunzi wa kilimo anayesoma huku, naye akaniletea mpaka mlangoni. Ndani ya mfuko mkawa mmetia barua yako. Kurasa nne. Nikakaa kitandani na koti langu, nikasoma ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza ndio uliosema kwamba baada ya kuvuna maharage mama aliwaita wakubwa wa ukoo, wakakaa uani, akautoa mkoba nyuma ya mlango, akakuvisha wewe begani. Ukaandika kwamba mama mdogo alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Ukaandika kwamba mjomba alikuwa wa kwanza kukuamkia na wewe ukashindwa kuitikia kwa haya. Loo! Niliusoma ukurasa ule mara tatu. Zile nyingine tatu niliziruka ruka, nikaona neno "mbuzi", nikaona neno "sabuni hakuna dukani", nikaikunja barua nikaisukumia chini ya godoro.

Mkoba ule ulikuwa wangu. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini niliamini hivyo tangu nikiwa mdogo. Mimi ndiye binti wa kwanza. Bibi alimpa mama, naye mama alikuwa binti wa kwanza. Nilipokuwa nyumbani wakati wa likizo nilikuwa nakaa pembeni kutazama watu wakija kuomba dawa. Unakumbuka wanavyofanya, mtu haingii. Anapiga magoti kizingitini, anasema shikamoo, anangoja. Mama akiitikia marahaba, basi dawa ipo. Asipoitikia, mtu hujiinukia akaenda zake na hakuna kuuliza kwa nini. Nilikuwa nikijiona mimi nimekaa kwenye kile kigoda, watu wazima wamepiga magoti mbele yangu, mimi naamua. Sasa wewe, kitinda mimba, uliyekuwa ukiogopa hata jongoo!

Nikaanza kuhesabu kila kitu ulichonacho. Una mama, kila siku, bure, hata siku ambazo anakuudhi. Una shemeji anayejua kutengeneza matuta yasiyobebwa na mvua. Una watoto wawili. Una ule ukungu unaoshuka asubuhi mpaka kwenye migomba, na harufu ya udongo, na mtu wa kukwambia pole ukijikwaa. Mimi nina soksi. Watu wakiniona kwenye tramu, treni ya mjini, wanavuta mikoba yao karibu.

Halafu nikakumbuka ulivyokuwa mwali, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mimi nilipovunja ungo nilikuwa bwenini kwa masista. Sista mmoja alinipa kitambaa, akaniambia nisali. Basi, ndiyo ikawa imekwisha. Wewe uliwekwa ndani, kwenye chumba cha mama, chini ya dari, kuanzia msimu wa mahindi mpaka msimu mwingine, hujaona jua. Nilikuja likizo nikakukuta umekaa gizani umejifunga kaniki, umekuwa mweupe kama chipukizi la muhogo. Nikakuhurumia! Nilikaa na kitabu changu cha kemia mlangoni kwenye mwanga nikakuonea huruma mtoto wa watu, maisha yanampita. Kumbe wakati mimi nasoma majina ya chumvi, mama alikuwa anakuongelesha humo gizani, kutwa nzima. Kila siku. Alikwambia mambo ambayo mimi hakuniambia, kwa sababu mimi sikuwepo, na nilipokuwepo nilikuwa mlangoni.

Basi nikaingia maabara na roho hiyo. Nikaloweka gome lile mlilotuma, jeupe, safi, halina hata doa la masizi, nikafurahi. Siku ya tatu nikaangalia kwenye hadubini. Seli zimejaa tele, zimenona. Nikarudia. Zimenona. Mara ya tatu Profesa mwenyewe alisimama nyuma yangu, na alipoona akanigusa bega. Heri angenitukana.

Wiki iliyofuata meza ya dirishani alipewa Ilona. Huyu ni msichana wa Hungaria anayefanya kazi ya mzizi mmoja wa kwao kwenye mabwawa, na mzizi wake unakwenda vizuri. Nikamwonea wivu na yeye. Nikawa nautazama mzizi wake kwenye chupa nikiuombea ushindwe. Ilona si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi, kila saa kumi ananiletea chai.

Na mimi nikapata jibu langu kwa haraka sana, maana mtu mwenye wivu hakosi jibu. Nikasema, Anyesi kanitumia gome la mti mwingine. Amepata mkoba, sasa hataki niwe na chochote. Nikakuandikia ile barua uliyoipata baada ya Krismasi. Sina nakala yake, lakini nakumbuka nilikuuliza umenitumia kuni za nani. Nakumbuka nilisema mkoba umekulewesha. Na nakumbuka, Mungu anisamehe, niliandika kwamba wewe ndiye mwenye wivu, unanionea mimi kwa kuwa nimesoma. Niliandika hivyo na wino haukukauka kwa aibu.

Jibu lako ninalo hapa mbele yangu. Nimelisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Uliandika:

"Dada Felista, shikamoo. Mti ni ule ule, gome ni lile lile, nililibandua mwenyewe. Hivi vipande vidogo vilikuwa darini. Soma barua yangu ya mwanzo mpaka mwisho. Mama hajui ulichoniandikia. Alitaka kusomewa, nikamsomea mengine niliyoyatunga, kwamba unatusalimu na unamshukuru kwa gome. Alifurahi. Anyesi."

Hakuna zaidi. Na kile kitambaa kidogo cha kaniki, kimeviringwa vizuri, ndani yake vipande vya gome vyenye ukubwa wa kucha, vyeusi kwa moshi. Nilidhani umekosa karatasi ndiyo maana umefunga kwa kaniki. Unaona kichwa changu kilivyo kigumu?

Nilikasirika kwanza. Nikasema, mh, sasa ananiamrisha nisome. Nikakaa na hasira hiyo siku mbili, ndipo nikainua godoro.

Ukurasa wa nne, chini kabisa, umeandika kwa herufi ndogo kwa sababu karatasi ilikuwa inaisha: "Dada, gome tumelianika juani kama ulivyoagiza. Mama akasema gome hili ni mwali, halitolewi nje kabla ya siku zake. Nikamuuliza tukuandikie kwanza? Akasema hapana, msomi ndiye anayejua ya huko. Lakini mimi nakuandikia. Kama halitafaa, usiulaumu mti."

Jibu lilikuwa chini ya godoro langu, Anyesi. Nililala juu yake miezi mitano!

Nikavikata vile vipande vyako mafungu mawili. Fungu moja nikaliweka kwenye droo, limefungwa na kaniki yako. Jingine nikaliweka mbele ya taa kali ya maabara, maana jua la huku majira haya halitoshi hata kuanika soksi. Baada ya siku tano nikayaloweka yote mawili sawasawa. La kwenye taa, seli zimenona. La kwenye kaniki, kichupa kizima kimekufa. Nikarudia kwa makombo yaliyobaki, ikawa vile vile. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya gome lile kinachoharibika kikiona mwanga, na mama anakijua bila kukijua, na bibi kabla yake, na wewe. Mimi mwenye vitabu ndiye niliyekiua, kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hata Ilona sijamwambia.

Nilimpelekea Profesa matokeo. Alifurahi mno, akaita wengine, akasema, "Umewezaje kufikiria mwanga?" Watu watano wamesimama, wananitazama. Na mimi, Felista, binti wa mama yako, nikasema, "Nilifikiri tu." Wakanipigia makofi. Ilona alinikumbatia. Nilikaa na makofi yale siku tisa, Anyesi. Nilikuwa nayatoa nayaangalia, nayarudisha. Yalikuwa yangu peke yangu. Nilijiambia, yeye ana mkoba, ana mama, ana mashamba na watu wa kumwamkia, basi na mimi niwe na hiki kimoja.

Siku ya kumi tulikaa kuandika ripoti. Huku kila kazi lazima uieleze hatua kwa hatua, ili mtu mwingine akiirudia apate kile kile. Profesa akaandika, "Gome lilikaushwa gizani." Akaniuliza, "Giza la namna gani? Siku ngapi? Joto kiasi gani? Moshi wa kuni zipi?" Nikafungua mdomo. Sijui. Sijui, Anyesi! Sijui siku ngapi, sijui kuni gani, sijui kama hugeuzwa, sijui hubanduliwa mwezi gani. Yote hayo uliambiwa wewe, ukiwa mwali chini ya dari. Profesa akaweka kalamu chini. Akasema taratibu, "Nani anajua?"

Nikasema, "Mdogo wangu." Nikamtafsiria barua yako, ule mstari wa mwisho, na ilibidi nimweleze mwali ni nini, kwa Kijerumani changu, jasho linanitoka. Hakucheka. Akasema mambo mawili. La kwanza, jina lako litaandikwa kwenye ripoti, na kwa desturi ya huku jina linalotangulia ndilo la mwenye kazi, kwa hiyo litatangulia lako. La pili, hakiandikwi kitu wala gome haliguswi tena mpaka wewe ukubali. Akasema, "Ni lake. Muulize."

Nilikwenda chooni nikalia. Usidhani nililia kwa kutubu. Nililia kwa wivu, tena wivu mbichi kabisa. Nilisafiri mpaka mwisho wa dunia, nikajifunza lugha inayokwaruza koo, nikapata chumba kimoja duniani ambacho Anyesi hajaingia, na sasa umeingia humo pia, umekaa kwenye kigoda, na mimi niko mlangoni na kitabu.

Nilipomaliza nikanawa uso, nikarudi mezani. Vichupa vyangu vyote nilikuwa nimevibandika herufi F, ya jina langu. Nikabandua F moja moja, nikaandika A. Ilona aliniuliza A ni nini, nikamwambia ni mshika mkoba wa ukoo wetu, akaitikia kwa kichwa kama kwamba ni jambo analolijua tangu utotoni. Meza ya dirishani wanataka kunirudishia, nimekataa. Nimehamia ile ya pembeni iliyo karibu na stoo, nimetundika kitambaa cheusi, natunza seli tu humo gizani, bila gome, nikingoja neno lako. Wenzangu wanasema nitaharibu macho. Mimi ninafikiria ulivyokuwa unakaa.

Hali ndiyo hii sasa. Mwezi wa sita mwishoni wanakaa kuamua nani anaendelea na masomo ya shahada ya udaktari na nani anarudi kwao. Nikiwa na kilo mbili za gome la darini, na maelezo yako kwa mwandiko wako, siku ngapi, kuni gani, kila kitu, naendelea. Nisipokuwa nayo, nafunga sanduku. Najua darini lipo, mama huwa haachi pakawa patupu. Lakini si la mama tena kulitoa, wala si la dada mkubwa kuagiza. Ukisema hapana nitarudi, nitapanda mlima na sanduku kichwani, na sitakuuliza kwa nini. Nilikuandikia vibaya na nikakuibia siku tisa, kwa hiyo haki unayo. Jina la mti sijamwambia mtu, na sitamwambia bila neno lako, hata Profesa anaujua kwa ile A tu.

Nisalimie mjomba wa Kingolwira, umwambie mfuko aliobeba ulikuwa na kosa langu ndani, si lake, asilaumiwe. Mama mdogo wa sokoni Mkuyuni, mwambie kabichi za huku ni kubwa lakini hazina ladha, atafurahi. Shangazi wa Mwembesongo mpe pole ya kukosa sabuni, na yule sista mzee aliyenifundisha kemia mpe salamu akipita. Shemeji na watoto wote. Balozi wetu wa nyumba kumi asiulize habari zangu kwa watu, aulize kwako.

Sasa jambo la mama. Mwanzoni nilikwambia usimsomee. Nimelifikiria tangu nilipoandika habari ya siku tisa, na nimebadili. Mara ile ulimtungia barua nzuri ambayo mimi sikuiandika, akafurahi, na furaha yake ikawa kazi yako badala ya kuwa yangu. Hilo nalo nakuonea wivu. Safari hii usitunge. Mkalishe, umsomee yote, tangu kwenye soksi mpaka hapa, na akitaka kulisoma lile neno mwenyewe mwachie karatasi, aliunganishe. Wi-vu. Atajua ni mwandiko wangu.

Wivu haujaisha, usije ukajidanganya. Unaniuma hata sasa ninavyoandika. Lakini nimeshuka kwenye kiti, karatasi iko juu ya sanduku, na magoti yangu yako sakafuni, sakafu ya huku ni baridi kuliko kizingiti cha mama.

Shikamoo, Anyesi.

Nangoja hapa hapa unijibu.

Dada yako,
Felista